Dakika Nzima ya Nesi

Kosa ambalo Nesi hakulisahau upesi ni kumsemesha akiwa anahesabu pumzi za mtoto. Mtoto amepakatwa na mama yake, shati limepandishwa, kifua kiko wazi. Nesi ameinama, saa yake ndogo aliyoibana kwa pini ameigeuzia kiganjani, midomo imefungwa, hesabu inakwenda kimya kichwani. Dakika nzima. Siyo nusu dakika halafu azidishe mara mbili, kama nilivyowaona wengine wakifanya baadaye. Ukimkatiza kwenye pumzi ya hamsini na mbili hakukugombeza. Alikutazama tu, akashusha pumzi yake mwenyewe, akaanza tena na moja.

"Mama huyu amembeba mtoto kwa miguu tangu alfajiri," aliniambia siku ya kwanza nilipomkatiza. "Na wewe umeshindwa kunisubiri dakika moja?"

Nilikuwa mhudumu katika zahanati yake kwa miaka kumi na moja. Nasema yake kwa sababu watu wote walisema hivyo. Kibao cha serikali kilikuwa pale nje, lakini mtu akiumwa, awe ametoka Dirma au Hirbadaw, alisema anakwenda kwa Nesi. Jina lake wengi hawakulijua hata siku anastaafu, na mimi naona nimwache hivyo hivyo walivyomwita.

Alikuwa mtu wa Mbulu juu, kwenye baridi na maharage, akaja kuishi nasi huku chini kwenye upepo na vumbi la Hanang. Kiswahili chake kilitokea kooni, kama cha Wairaqw wengi wa umri wake, na herufi nyingine alizikwaruza. Kwa salamu hakuwa na mchezo. Kijana aliyepita mbele ya wazee kwenye benchi bila kusema shikamoo alirudishwa nje, aingie upya, hata kama ameshika jino. Alipenda vitu vinyooke. Mkoa wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha, tulibaki na maboksi ya fomu za zamani. Wengine walizitumia kama zilivyo. Yeye alichukua rula, akapiga mstari juu ya neno Arusha, akaandika Manyara kwa herufi kubwa, karatasi moja baada ya nyingine, wiki mbili.

"Nani ataangalia, Mama?" nilimuuliza.

"Mimi nimeshaangalia," akasema.

Sasa usije ukafikiri alikuwa mtu wa kuogopa vitu vipya. Biashara zilipofunguka na maduka ya Katesh yakaanza kujaa redio, mitumba na baadaye simu za mkononi, yeye alikuwa na simu kabla ya mtendaji wa kata na kabla ya padri. Mtandao ulikuwa haufiki kwetu. Ulipatikana juu ya kilima cha mawe nyuma ya zahanati, mahali pa kusimama mtu mmoja, tena ageukie upande wa mlima Hanang. Nesi alipanda pale na mabuti yake ya mpira kuita gari la wagonjwa, na wapo akina mama wanaolima leo kwa sababu ya kupanda kule. Jumapili alipanda kwa shughuli zake, kuongea na dada yake wa Mbulu. Tulimsikia akicheka kutoka chini.

Na alikuwa na ugonjwa wa mchezo wa nyoka. Ule mchezo wa simu za zamani, nyoka anakula vidoti anarefuka. Wakati wa chakula alikaa kwenye kigoda chake, bakuli la makande limepoa pembeni, vidole vinacheza, na akikosea alipiga paja na kusema neno la Kiiraqw ambalo hakukubali kunitafsiria.

Halafu mnara ukajengwa, na simu ikawa inalia ndani ya chumba cha matibabu.

Mwanzoni tulifurahi wote. Watu waliopata simu waliacha kuja kuuliza, wakawa wanapiga. Nesi, leo upo? Nesi, kadi ya mtoto imelowa, nifanyeje? Ofisi ya wilaya ilipiga ikitaka takwimu za chanjo. Dada yake alipiga siku yoyote sasa, siyo Jumapili tu. Nesi aliwapokea wote. Alibana simu kati ya bega na sikio, mikono ikaendelea kufunga kidonda au kuandika kadi, na alijivunia jambo hilo kabisa.

"Sikio lina kazi yake, mikono ina kazi yake," alituambia.

Nasi tulimwona kama mtu mwenye vichwa viwili. Nami niliponunua simu yangu nilijifunza kuibana begani kama yeye.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa asubuhi, benchi limejaa. Mama mmoja wa Kibarabaig, sketi ya ngozi, bangili za shaba mikononi, alikuwa amerudi na mtoto wake wa miaka miwili kwa sindano ya pili ya kwinini. Malaria ilikuwa imempiga yule mtoto vibaya sana jana yake. Nyuma yao alisubiri mwanamume mmoja, kibarua wa mashamba ya ngano, naye wa kwinini. Nesi akamtazama mtoto, akashika bomba la sindano na kichupa, na simu ikalia. Akaibana begani. Ilikuwa habari ya kikao cha chanjo, siku imebadilishwa, jokofu halifanyi kazi, sijui nini na nini. Akawa anajibu, ndiyo, ndiyo, nitafika, huku akivuta dawa. Akapima, akatoa hewa, akainama kwa mtoto.

Yule mama akamshika mkono.

Hakuwa na Kiswahili kingi. Aliweka ukucha wake kwenye bomba, chini. "Jana, hapa," alisema. Akausogeza ukucha juu, juu kabisa. "Leo, hapa. Kwa nini?"

Nesi akatazama bomba. Mimi pia nikatazama. Ilikuwa dawa ya yule kibarua. Ilikuwa dawa ya mtu mzima, mkononi, imeinamishwa juu ya mtoto wa miaka miwili.

Simu ilikuwa bado inaongea begani. "Haloo? Nesi, unanisikia?" Akaliachia bega, simu ikaanguka sakafuni, betri likaenda huku, kifuniko kikaenda kule. Akamwaga ile dawa yote. Akachukua bomba jipya, akavuta upya, safari hii akihesabu kwa sauti, na kabla ya kuchoma akamwonyesha mama alama. Mama akainamisha kichwa. Ndiyo, hapo. Mtoto akachomwa, akalia kwa nguvu, na kilio kile kilikuwa kizuri masikioni mwangu.

Walipotoka Nesi alikaa kwenye kiti cha kando ya mizani.

"Ningemuua," alisema.

"Lakini Mama, hukumuua. Umemtibu."

"Yule mama ndiye aliyekuwa anatazama. Mimi sikuwepo hapa. Nilikuwa kwenye kikao cha chanjo."

Kuna watu wangenyamaza hapo. Mtoto amepona, mama hana lugha, mhudumu ni mtu wangu, jambo limekwisha. Tena Nesi alikuwa na majivuno. Ukimsahihisha tahajia ya neno alinuna mpaka jioni. Lakini kesho yake, kabla ya kufungua, alisimama mbele ya benchi na watu zaidi ya ishirini na kuwaambia yote. Dawa ilikuwa ya nani, ilikuwa iende kwa nani, simu ilikuwa wapi, na nani alimzuia. Jioni yake akaketi chini na kuandika barua ya kueleza hayohayo wilayani, akaituma.

Mzee mmoja wa mifugo, fimbo mkononi, mtu aliyekuja kila wiki kwa ajili ya goti lake, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumjibu pale kwenye benchi.

"Kwa hiyo tuendelee kuja?"

"Mje," Nesi akasema. "Ila mnisaidie."

Msaada wenyewe ulikuwa hivi. Kazi tatu alizitoa mikononi mwa simu: kuhesabu pumzi, kuvuta dawa, na kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kisikilizio cha mbao, mfano wa tarumbeta ndogo. Wakati wa kazi hizo kitambaa chekundu kingefungwa kwenye kitasa cha mlango, na kikiwa pale, hakuna kubisha hodi, hakuna kumwita, hakuna simu. Kitambaa alikileta yule mama wa Kibarabaig siku mtoto alipokuja kupimwa tena, pande la shuka jipya alilolichana palepale mbele yetu. Simu yenyewe nilikabidhiwa mimi, nikae nayo nje pamoja na daftari. Anayepiga naandika jina, saa, na shida yake. Shida ikiwa ni ya kufa na kupona, nifungue mlango. Isipokuwa hivyo, tutampigia.

Watu walilipenda jambo lile kuliko tulivyotarajia, labda kwa sababu waliombwa. Yule mzee wa goti alijifanya askari. Siku moja mtendaji wa kata alikuja, simu ikaimba wimbo mfukoni mwake kwenye korido. Mzee akanyoosha fimbo, akaigusa ile simu juu ya suruali. "Kitambaa!" Mtendaji akatoka nje mbio kama mwanafunzi aliyechelewa.

Aliyeteseka ni Nesi mwenyewe. Mwezi wa kwanza mkono wake ulikwenda mfukoni penye simu isiyokuwepo. Aliisikia ikilia wakati imezimwa. Kuna asubuhi alitoka nje mara tatu kuniuliza nani amepiga, na hakuna aliyekuwa amepiga.

"Akili yangu imezoea kuitwa," aliniambia. "Isipoitwa, inajiita yenyewe."

Baadaye ikatulia, na hapo tuliona kitu ambacho hata yeye hakukitegemea. Foleni iliyokuwa ikifika saa nane mchana ikawa inaisha kabla ya saa sita. Hakuwa anakwenda mbio, ila hakuwa anarudia. Zamani alikuwa akiuliza umri wa mtoto, simu inalia, anauliza tena, anaandika, anafuta. Sasa aliuliza mara moja. Akaanza kuona vitu: mama anayesema amekuja kwa kikohozi lakini hageuzi shingo, mtoto anayekataa titi la upande mmoja. "Simu yenyewe inachukua dakika moja," alikuwa akisema. "Kurudi pale ulipokuwa ndiko kunakomaliza asubuhi."

Wilayani hawakuwa wamekaa kwenye benchi letu. Kulikuwa na bwana mmoja mgeni ofisini, kijana bado, mwenye haraka, aliyetaka takwimu zake asubuhi hiyohiyo. Siku hiyo Nesi alikuwa na mama wa uzazi wa kwanza, uchungu umeanza vizuri. Kitambaa kiko mlangoni. Bwana yule akapiga.

"Mpe Nesi simu."

"Anasikiliza moyo wa mtoto, bosi. Niandike ujumbe?"

"Nimesema mpe."

"Kitambaa kiko mlangoni."

"Kitambaa gani?"

Nikamweleza. Akakata. Akapiga tena. Alipiga mara saba, na zote ziko kwenye daftari kwa mwandiko wangu. Mara ya saba alisema anakuja yeye mwenyewe na huyo Nesi atafute mahali pengine pa kufanyia kazi.

Ndani, Nesi alikuwa amesikia jambo. Moyo wa mtoto ulikwenda vizuri, lakini kila uchungu ulipopita ulishuka na kuchelewa kurudi. Kidogo tu. Mtu mwenye simu begani asingelisikia. Alisikiliza dakika nzima, akasubiri uchungu mwingine, akasikiliza tena dakika nzima. Akamlaza mama ubavu wa kushoto, akanifungulia mlango.

"Ita gari la wagonjwa. Sasa hivi."

Nikapiga. Gari lilikuwa limekwenda Basotu. Nesi akafumba macho, akayafumbua. Nikaanza kuwaza pikipiki, nikawaza mkokoteni wa ng'ombe, na katika kuwaza huko nikaona vumbi barabarani. Lilikuwa gari la yule bwana.

Alishuka akiongea. Aliongea akivuka uwanja, akaongea akifika kwenye benchi, ambako yule mzee na akina mama wanne walisimama mlangoni wakimzibia njia. Nesi akatoka katikati yao, akakausha mikono kwa taulo, akasimama. Alikuwa na umri wa kumzaa yule bwana. Akamtazama na kungoja. Yule bwana akaishiwa maneno taratibu, kama redio inayoishiwa betri, na kimya kikawa kirefu mpaka mwenyewe akaona alichosahau.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na gari? Mungu ni mwema. Fungua mlango wa nyuma."

Hakupewa nafasi ya kuuliza. Mama akabebwa juu ya kitanda chake, Nesi akaingia pembeni yake na kile kisikilizio cha mbao, na yule bwana akajikuta amekaa mbele na beseni la nguo za mtoto mapajani. Dereva aliwasha gari, wakaondoka kuelekea hospitali na vumbi lao. Sisi tulibaki tumesimama, na yule mzee akasema kwamba takwimu zimekwenda kujihesabu zenyewe.

Nesi alirudi kabla ya saa sita, kwa lifti ya lori. Mama alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji, yeye hakuruhusiwa kuingia, na benchi lilikuwa linamsubiri. Akanawa, akamchukua mtoto wa kwanza kwenye foleni, akafunga kitambaa. Hapo simu ikalia mikononi mwangu. Alikuwa yule bwana, sauti nyingine kabisa.

"Mwambie Nesi mtoto amelia. Wa kike. Mama yake mzima. Daktari anasema tungechelewa nusu saa tu..." Hakuimaliza ile sentensi. "Mwambie amelia, nimemsikia mwenyewe."

Nikaandika. Nikatazama kitambaa. Benchi zima lilikuwa limeshaniona usoni, wakajua, na hakuna aliyefungua mdomo. Tulisubiri. Sijawahi kusubiri dakika ndefu kama ile. Mlango ulipofunguka tulipiga kelele wote kwa pamoja hata Nesi akashtuka, na alipoelewa alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili akacheka huku machozi yanamtoka. Mchana ule alicheza nyoka mpaka nyoka akajaza kioo chote, akatuita tuje kushuhudia.

Hakuhamishwa popote. Mwezi uliofuata aliitwa Katesh kuwaeleza manesi wengine, na yule bwana mwenyewe ndiye aliyepitisha beseni mlangoni kukusanya simu, ya kwake ikiwa ya kwanza. Tangu siku hiyo ofisi yake ilipiga zahanati kuanzia saa tisa alasiri. Miaka yote iliyobaki, saa tisa.

Mimi ndiye niliyekuwa mgumu kufundishika. Kidato cha nne nilipata sifuri, nikarudia mtihani wa kujitegemea mara mbili, nikafeli mara mbili. Nilitaka kuwa nesi. Nilisema kichwa changu hakishiki. Simu zilikuwa zimeshakuwa zile za kioo kikubwa, na mimi nilikuwa kwenye makundi ya kila aina: la ukoo, la kwaya, la waliosoma pamoja, la wauza vitenge. Nilisoma baiolojia simu ikiwa juu ya kitabu.

Nesi hakuniambia niitupe. Alinipa karatasi tupu na penseli.

"Soma saa moja. Kila mkono unapokwenda kwenye simu, piga mstari. Usijizuie. Piga mstari tu."

Baada ya saa moja karatasi ilionekana kama uzio wa miti. Niliona aibu kumpelekea. Alizihesabu zote, bila haraka.

"Kichwa chako hakina kasoro," alisema. "Ni simu hii inayofungua mlango wake kila dakika. Kesho iweke simu kwenye chumba changu, na usome robo saa. Robo saa tu. Ukimaliza uje uichukue."

Robo saa ile iliniuma. Miguu iliwasha, nikakumbuka watu ambao sikuwa nimewawaza kwa miaka. Lakini wiki ya pili ikawa nusu saa, na siku moja nikasoma mzunguko wa damu kutoka mwanzo hadi mwisho, nikafunga kitabu, nikauchora ukutani kwa mkaa bila kukosea. Nilimwita aje aone. Alipitisha kidole kwenye kila mshipa, akaniambia moyo nimeuchora mdogo mno. Mtihani ule nilifaulu. Yeye akastaafu mwaka huo, akarudi kwao Mbulu, nami nikaenda chuoni.

Mara ya mwisho niliyomtembelea nilipanda gari la Mbulu kutoka Dareda, lile linalopanda ukingo wa bonde, mpaka baridi ikaanza kupenya dirishani. Nilikuwa na bahasha. Nilimkuta uani amevaa sweta mbili, anapukuchua mahindi na mkwewe. Alikuwa amepungua mwili, na sikio moja limeanza kuwa zito. Nikapiga goti nikamwamkia. Akanishika uso kwa mikono yake yenye vumbi la mahindi, akauliza habari za nyumbani, mvua, ng'ombe, mmoja mmoja kwa zamu. Ndipo nikampa bahasha.

Ilikuwa barua ya kazi. Muuguzi, zahanati, Yaeda Chini. Aliisoma kuanzia kichwa cha barua hadi muhuri, akageuza nyuma kuona kama kuna kitu, akaisoma tena.

"Njia ya Yaeda ni mbaya," alisema.

"Najua, Mama."

"Na watu wa kule wana lugha usiyoijua."

"Nitajifunza."

Akaikunja barua, akanirudishia. Akainuka, sinia la mahindi likapinduka, hakuliangalia. Alitembea hadi mwisho wa uwanja, pale ardhi inaposhuka na nyumba za upande wa pili zinaonekana juu ya tuta la mashamba, akaweka mkono mdomoni na kupiga kigelegele ambacho sikujua kama mwili ule bado unacho. Watu wakatoka majumbani. Wengine walikuwa na majembe, wakidhani kuna msiba au nyoka.

"Kuna nini?" mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti kutoka upande wa pili.

"Amekuwa nesi!"

"Nani?"

"Wa kwangu!" alijibu kwa sauti kubwa, akinivuta mkono nisogee mbele wanione. "Huyu hapa! Wa kwangu!"

Na upande wa pili wa bonde, wanawake nisiowajua wakaitikia kwa vigelegele.